Ikirugu cha Mukabalisa

Mukabalisa wa Kagarama hakuwa mtu maarufu, lakini Desemba ikifika, hata wale waliopita mlangoni kwake mwaka mzima bila salamu walianza kumwita mama. Walitaka kuona ikirugu chake. Kila familia ya Kikatoliki pale mtaani ilijenga zizi lake dogo la Noeli, la majani au la maboksi, lakini cha Mukabalisa kilikuwa kingine kabisa. Paa lilikuwa la mafunjo aliyoyasuka mwenyewe, maana kazi yake ilikuwa kusuka mikeka. Na waliokaa ndani, kuanzia Maria mpaka kondoo wa mwisho, walichongwa na marehemu mumewe, Twagirayezu, aliyekuwa fundi seremala.

Twagirayezu alikuwa na bega la kushoto lililoshuka, kwa sababu ya mbao alizobeba tangu utotoni. Alipomchonga Yosefu akampa bega lile lile. Watu walimcheka sana: umejichonga wewe mwenyewe ukajiweka karibu na Mama wa Mungu! Naye akawajibu kwamba Yosefu alikuwa seremala, na hajawahi kuona seremala mwenye mabega sawa. Mtoto Yezu alimchonga mwisho, akiwa tayari anakohoa, na Pasaka ilipofika Mukabalisa alikuwa mjane.

Mtoto halazwi horini kabla ya mkesha. Majilio yote hori hukaa tupu, na Mtoto alikaa kabatini kwa Mukabalisa, amefungwa kitambaa cheupe. Siku ya mkesha alimlaza kwa mikono yake, majirani wakiimba. Katika mambo haya hakuwa na mzaha. Papa Noeli hakumpenda hata kidogo. Zee la watu lenye ndevu za pamba, alisema, limetoka wapi na linatafuta nini katika sikukuu ya mtoto wa wenyewe? Taa za kuwakawaka, baluni, bia za Noeli, vyote aliviweka kapu moja. Watu wanafanya harusi, alilalamika, na bwana harusi wamemsahau nje.

Aliyemsikiliza zaidi kwa maneno hayo alikuwa Gaudiose, mtoto wake wa ubatizo. Mukabalisa ndiye aliyempeleka mbele ya padre, akamfundisha katekisimu, akamfundisha kusuka, na siku ya harusi yake akakaa kwenye kiti cha mama aliyekuwa amekwisha kufa. Gaudiose alimwita Marene, kama wanavyoitwa akina mama wa ubatizo kule Kigali, na kila Noeli alikuja na mumewe na watoto kula kwake. Mwaka 1992 Gaudiose akafungua baa ndogo Gisimenti, kule Remera. Mukabalisa hakumlaumu. Miaka ile ya vita, bei zikipanda kila kukicha, mtu angekula wapi? Alimwombea tu.

Desemba ilipoanza, Gaudiose akaja, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka.

"Marene, iko wagonjwa kule kituo cha afya," akasema. "Hawataweza kufika kanisa Noeli hii. Nikafikiri, kama ungetuazima ikirugu, tungekiweka pale mulangoni wakione."

Mukabalisa aliona haya kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuliwaza jambo zuri kama hilo. Akafunga kila sanamu kwa majani makavu ya migomba na kumkabidhi. Mtoto tu akabaki.

"Siku ya mkesha nitamleta mwenyewe," akasema.

"Usijisumbue, Marene. Nitamupitia hapa."

Mwingine angeshtuka kwa neno lile. Yeye alikuwa bado anawafikiria wagonjwa.

Mkesha ukafika, na Gaudiose hakupita. Mchana, Mukabalisa akavaa kitenge chake cha kanisani, akamlaza Mtoto kapuni, akashuka mpaka kituo cha afya. Mukantwari, nesi wa zamu, alimtazama kwa mshangao.

"Ikirugu? Hapa hakuna, Mama. Lakini kama ni ile ya mbao, ya Yosefu wa bega, iko Gisimenti kwa Gaudiose. Nimeiona jana. Iko nzuri sana!"

Njia nzima, kupita Sonatubes na kupanda mpaka Remera, Mukabalisa alimtetea Gaudiose moyoni. Labda wakubwa wa kituo walimkatalia. Labda amekihifadhi pale siku mbili tatu tu. Ndivyo tulivyo: mtu tuliyemlea tunamtungia visingizio kabla hajaviomba.

Baa ilikuwa imejaa. Ikirugu kilikuwa kimewekwa juu ya makreti, mahali pa kuonekana na wapita njia, taa nyekundu na kijani zikiwaka na kuzimika juu ya mafunjo. Yosefu alikuwa amevishwa kofia nyekundu na ndevu za pamba, akawa Papa Noeli wa bega moja. Na horini, kwa kuwa Mtoto hakuwepo, mtu alikuwa amelaza chupa ya bia na kuifunika kitambaa cha mezani. Wateja wakiingia walimchungulia huyo mtoto wao, wakacheka.

Mukabalisa alijisikia kama aliyepigwa kofi hadharani. Chupa ilimuuma. Ndevu zikamuuma zaidi. Lakini kilichomkata maini ni wale wagonjwa, aliowaombea kila jioni kwa wiki tatu.

Gaudiose akatoka jikoni na sahani ya mishikaki. Alipomwona akasimama pale pale.

"Marene, usikasirike, ngoja nikuambie. Baa zote za hapa ziko na kitu cha Noeli. Mimi tu nikose? Halafu ona: kule Betelehemu nyumba ya wageni ilimukosesha nafasi. Hii yangu ni nyumba ya wageni, na mimi nimemupa nafasi. Iko makosa gani hapo?"

Kusema kweli, hata padre asingelijibu swali hilo upesi. Mukabalisa akawatazama wale wanaume na chupa zao. Mmoja, alipomwona mama wa watu amesimama na kapu lake, alikuwa ameshavua kofia bila kuambiwa. Wangapi kati yao wangefika kanisani jioni ile? Na Yezu alizaliwa kwa ajili ya nani, kama si watu wa namna hii?

"Makosa hayako hapo," akasema. "Ungeniambia ukweli, ningekibeba mwenyewe kichwani nikakuletea."

"Ungekataa, Marene. Nakujua."

"Siku ya kwanza ningekataa. Ya pili ningekuja. Yezu umempa nafasi, Gaudiose. Mimi ndiye uliyenikosesha."

Akaitoa ile chupa horini, akaiweka mezani. Akafungua kitambaa cheupe, akamlaza Mtoto taratibu, kama miaka yote. Mtu akapunguza redio. Mukabalisa akapiga magoti kwenye sakafu iliyomwagikiwa bia, akafanya ishara ya msalaba, na wengine kadhaa wakafanya naye.

Gaudiose alikuwa akilia kwa furaha. "Asante, Marene! Nilijua utaelewa. Kesho tutakuja na watoto, kama siku zote."

Mukabalisa aliingiza tena mkono zizini, akamtoa Yosefu, akamvua kofia. Ndevu zilikuwa zimebandikwa kwa gundi, ikambidi azibandue kidogo kidogo asiuchubue uso. Kisha akamfunga katika kile kitambaa kilichokuwa cha Mtoto.

"Marene, huyo tena wa nini? Ikirugu kitakaaje bila Yosefu?"

"Mtoto ni wa watu wote, hata wa hapa. Mwache abaki nao," akasema Mukabalisa, akamtia Yosefu kapuni. "Huyu ni mume wangu. Na kesho msije."