Mstari wa Mume

Ulikuwa mwaka tuliokula unga wa njano. Mvua ilikataa, mihogo ikanyaukia ardhini, serikali ikaleta mahindi ya njano kwa malori, na sisi tuliozoea ugali wa mtama tukala tumeziba pua. Ulinuka gunia. Hata samaki wa furu wa kukaanga hakuondoa ile harufu. Watoto wa nyumba yangu waliharisha, wakapona, wakazoea. Mwaka huo ndipo mke wangu alipotaka kurudi chuo.

Nasema mke wangu. Msomaji wa mbali asishtuke. Kwetu mwanamke mwenye ng'ombe asiye na mtoto wa kiume anaoa. Anatoa mahari, analeta binti, binti anazaa na mwanaume anayeruhusiwa kuingia, na watoto ni wa nyumba ya yule mwanamke. Wangu wananiita bibi. Yule mwanaume anakula, anaondoka. Hana hata kigoda. Mimi nilizaa wasichana wawili, wote wakaolewa mbali, mume wangu akafa, na shemeji zangu wakaanza kuzitazama ng'ombe zangu kama wanazikumbuka. Mwaka mmoja baada ya Uhuru nikaenda upande wa Butiama, nikaoa.

Binti mwenyewe alikuwa chuo cha ualimu. Alibakiza muhula mmoja. Baba yake alipoona ng'ombe kumi na mbili mlangoni, alituma mtu akamtoe. Akaja kwangu na sanduku la bati limejaa vitabu, akalia siku nne. Siku ya tano nikampa jembe. Daftari zake nilifungia ugoro, ukurasa kwa ukurasa, yeye akiona. Sikujificha. Karatasi ni karatasi.

Alinizalia wavulana watatu na msichana mmoja. Miaka kumi na tatu alilima pamba yangu bila kunijibu neno. Halafu tukahamishiwa kwenye kijiji kipya karibu na Bunda, shule ikajengwa, walimu hakuna. Ikatangazwa kwamba walioacha ualimu njiani warudi wakamalize. Tangazo lilimkuta anachambua pamba. Mikono yake ikasimama.

Jioni alipiga magoti. "Mama, muhula mmoja tu."

"Kwa umri huo? Utakaa dawati moja na vitoto vilivyoacha ziwa jana?"

"Nitakaa."

"Meno yanang'oka, wewe unataka chaki!"

"Nina thelathini na mbili, mama. Meno yangu yote yapo."

Nilicheka. Nikasema nitafikiri, na kweli nilifikiri. Nilijiona napita sokoni Manyamanyama, watu wananong'ona: yule pale, mke wake ndiye mwalimu. Sifa hiyo niliitaka. Nikatoa mtama wangu wa akiba, ule niliokuwa nimeuficha tangu njaa ianze, nikamsagia unga wa safari.

Fomu aliijaza mwenyewe, nayo ilitaka idhini ya mume. Tukaenda wote wawili ofisi ya kijiji. Nilivaa kitenge kipya. Nilitaka kuweka dole gumba langu mbele za watu. Mwenyekiti alisoma kwa sauti, maana kila kitu alisomaga kwa sauti: jina lake, kijiji, dini, watoto wanne. Akafika mstari wa mume. Akanitazama, akasoma. Lilikuwa jina la mvuvi wa Bukima. Yule aliyekuwa anakuja.

Waliopanga foleni ya sabuni wakaangua kicheko.

"Kumbe mama umeoa mke wa mtu!"

"Mwambie huyo mvuvi akurudishie ng'ombe, mama. Hata kwa samaki!"

Mwenyekiti alijifuta machozi ya kucheka.

Mke wangu alishika mkono wangu. "Mama, waliniambia mwanamke haandikwi hapo. Nikaandika jina lolote la kiume, ili niende tu."

Jina lolote. Angeandika la marehemu mume wangu, ningenyamaza. Angeandika la mwanawe wa kwanza, ningenyamaza. Akaandika la mtu wa kula na kuondoka. Nilitoa ng'ombe kumi na mbili ili nyumba yangu isifutike, na kwenye karatasi ya serikali mimi sipo. Nikaichukua ile fomu mezani, nikaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Huendi," nikamwambia mbele yao. "Nilioa mke, sikuoa mwalimu."

Tulipofika nyumbani nikamwagia kuku ule unga wa mtama. Watoto walikuwa wamekaa pale wanakula wa njano. Waliwatazama kuku mpaka ukaisha.

Hakulia safari hiyo. Kesho yake alikuja na ungo na kipande cha mkaa. "Mama, nikikufundisha kuandika jina lako, utaliandika mwenyewe pale kwenye mume? Nitaomba fomu nyingine. Wakikataa, watukatae wote wawili."

Nilikubali kujifunza. Hilo lingine sikulikubali, ila sikumwambia. Atakayeniita mkatili hapo, sibishani naye.

Kila mchana tukitoka shamba tulikaa kivulini mwa ghala, ameshika mkono wangu, mkaa unaacha mavumbi kwenye kucha. Mimi shule yangu ilikuwa miezi michache ya mafundisho ya ubatizo, kuimba bila kuona herufi. Nikikosea alifuta kwa kiganja. "Tena, mama." Nilimtukana, nikavunja mkaa, nikamwambia mikono yake inanuka samaki wa Bukima. "Tena, mama," kwa sauti ile ile. Alikuwa mwalimu, lazima niseme. Haya yote nayaandika kwa mkono ule alioushika. Wiki ya tatu jina langu likasimama kwenye ungo, limepinda kama mbuzi mgonjwa, lakini langu. Alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja. Nilijiona mkubwa kuliko siku niliyooa.

Wiki ya sita nilikuwa nasoma maandishi ya kwenye magunia. Siku moja, yeye akiwa kisimani, nikaitoa ile fomu ya zamani nikatafuta mstari wa mume. Nikasoma herufi kwa herufi. Kule ofisini jina lile lilipita na vicheko vya watu. Sasa lilikaa machoni. Liliandikwa vizuri, kwa mwandiko ule ule alionifundishia, na hakuna mahali mkono uliposita.

Alhamisi akatoka Bunda kwa miguu, vumbi mpaka magotini, na fomu mpya kifuani. Mstari wa mume ulikuwa mtupu.

"Wamekubali, mama! Andika hapa. Mume ni wewe."

Nikachukua kalamu. Nikaikunjua ile fomu ya zamani juu ya ungo, nikaandika jina langu juu ya jina la mvuvi, nikarudia na kurudia, mpaka la chini halisomeki. Langu halikupinda hata kidogo.

"Hiyo haifai tena, mama," alisema taratibu. "Inayotakiwa ni hii."

"Naijua."

Nikamrudishia kalamu.

"Mama, basi la Musoma linapita kesho asubuhi. Kesho ndiyo mwisho. Nimekufundisha. Nimekuzalia. Nimebakiza muhula mmoja."

"Huendi. Nilioa mke, sikuoa mwalimu."

Akaweka fomu mpya magotini kwangu, akailainisha kwa kiganja, akaelekeza kidole kwenye mstari, kama alivyonielekezaga kwenye ungo.

"Tena, mama."

"Huendi. Nilioa mke, sikuoa mwalimu."