Benigna Alisema Mara Tatu

Meli ilipotia nanga mbele ya Misheni ya Kale, Renatus Saksagiak alikuwa na siku ya tatu hajala kitu kikakaa tumboni. Tumbo lenyewe lilikuwa limevimba likawa gumu, ukiligusa unadhani umegusa jiwe la ufukweni. Mkewe, Benigna, aliusikia mnyororo wa nanga kabla hajaiona meli, maana ukungu ulikuwa umelala juu ya maji tangu Jumamosi. Akatoka nje ya nyumba ya mbao, akasimama kizingitini. Moyo ukasema: kwenye meli za watalii huwa kuna daktari.

Wifi yake Sabina, dada yake Renatus, alikuwa mezani pale nje akipasua samaki wa kukausha.

"Haya, Mungu kasikia," akasema. "Kimbia ukaseme."

"Nikimbie mimi? Nina mkia?"

"Una mume."

Walikuwa watatu tu kwenye pwani ile ya barafu ya kaskazini. Kila kiangazi, mwaka wa kumi na moja sasa, Benigna na Renatus walikuja kulitunza kanisa la zamani, kupaka madirisha rangi na kufukia mashimo yanayochimbwa na dubu karibu na makaburi. Sabina alikuja nao kuchuma matunda na kutafuta maneno ya kumkera wifi yake. Kijiji chenye zahanati na uwanja wa ndege kilikuwa kusini, mwendo wa siku nzima kwa boti, na mwendesha boti ndiye huyo mgonjwa aliyelala. Simu ya setilaiti waliyoazimwa ilikuwa chini ya bahari. Renatus aliinama ukingoni mwa boti kutapika, simu ikachomoka mfukoni, ikazama.

"Sasa samaki watapigiana," alisema, akicheka huku jasho linamtoka.

Benigna akaingia ndani kumtazama. Renatus alikuwa amekunja magoti hadi kifuani.

"Meli imekuja," akamwambia.

"Nimesikia. Usinifanye ombaomba mbele ya wageni, mke wangu."

"Nani kasema nitaomba?"

"Nakujua uso."

"Basi ufumbe macho."

Benigna hakulelewa kuomba. Kwao mtu mwenye adabu hamwambii mwenzake "nisaidie", maana neno hilo ni kitanzi: mwenzako akikataa umemwaibisha, akikubali umemburuta kwa shingo. Mtu husema hali yake, kisha akanyamaza. Mwenye masikio atainuka mwenyewe. Marehemu mama yake alilea watoto saba kwa njia hiyo. Alikuwa akipita kwa jirani, anasema, "Sufuria yetu leo inachemsha maji matupu," na akirudi nyumbani anakuta mguu wa sili, yule mnyama wa baharini, umeshamtangulia mlangoni. Tena Benigna aliongeza juu yake ukaidi wa kwake mwenyewe, ambao hakufundishwa na mtu.

Wageni wakateremka kwa maboti ya mpira, wote wamevaa makoti ya rangi moja, ya machungwa, kama watoto wa shule. Daktari alikuwa kijana mrefu mwenye madoadoa usoni. Alikuja mwenyewe mpaka mezani kwa Sabina, akasema jina lake ni Fenwick na kwamba yeye ndiye daktari wa meli, lakini safari hii kazi yake imekuwa kugawa vidonge vya kichefuchefu. Benigna akammiminia chai, akamkatia samaki.

"Mume wangu hajala tangu Jumapili," akasema, akainua kijisufuria cha Renatus kilichogandamana na uji wa tangu asubuhi, akakiweka katikati ya meza. Akanyamaza.

Daktari akatafuna. "Kwa samaki mtamu hivi? Basi mimi nitakula na fungu lake."

Akala, kweli. Sabina akatazama chini, akaendelea kupasua samaki kwa nguvu mpaka kisu kikaingia kwenye ubao.

Alasiri ile ukungu ulipasuka. Jua likatoka kwa saa mbili nzima, mpaka milima ikaonekana, na wageni wakatawanyika kupiga picha. Benigna alimfuata daktari makaburini, akasimama naye mbele ya msalaba mmoja wa mbao.

"Huyu alikuwa kaka yake mume wangu," akasema. "Tumbo lake liligeuka jiwe. Siku ya tano akafa. Hawa watu wa nyumba moja, matumbo yao yanafanana."

Akamtazama machoni, jambo ambalo kwao ni ukali. Daktari akatoa kijitabu, akaandika.

"Masikini," akasema. "Siku hizi mtu hafi kwa kitu kama hicho."

"Hafi?"

"Akipata daktari mapema, hafi."

Benigna akashusha pumzi. Basi ameelewa, akajiambia, sasa atauliza njia ya nyumbani. Daktari akafunga kijitabu, akauliza kama dubu huja mpaka hapo.

Ukungu ukarudi. Kabla boti la mwisho halijaondoka, Benigna aliteremka mbio ufukweni akiwa na glovu za Renatus, zile za ngozi ya sili alizomshonea mwenyewe kwa ukano wa mnyama badala ya uzi, mshono juu ya mshono, maji hayapenyi. Zilikuwa zimeshika umbo la vidole vyake. Akamkabidhi daktari mikononi.

"Chukua. Mwenyewe hatazihitaji baridi inayokuja."

Mtu wa kwao angeziachia zile glovu kama kaa la moto, akauliza, "Kuna nini nyumbani?" Daktari alizivaa, akapiga makofi, akataka kumlipa. Benigna akakataa. Wakapigwa picha pamoja. Boti likaondoka.

Sabina alikuwa akimngoja juu ya mawe. "Umempa glovu za kaka yangu."

"Nimempa."

"Na mdomo ulikuwa wapi? Umeumbiwa kunywea chai tu?"

"Nimeshasema mara tatu."

"Umemwimbia kiziwi mara tatu! Benigna, wale hawasikii hivyo. Wale ukitaka chumvi unasema chumvi. Nitakwenda mimi."

"Ukienda, Renatus atajua ni mimi niliyekutuma, na hatakunywa tena maji ya mkono wangu. Subiri kesho. Kesho wanaondoka saa sita. Yule kijana ana roho nzuri, yatamwingia usingizini."

Sabina akatema mate baharini. "Mficha maradhi," akasema, wala hakuumalizia msemo, akapanda nyumbani.

Asubuhi Renatus hakulalamika tena, na hilo likamtisha Benigna kuliko kuugua kote. Maumivu yalikuwa yamekatika ghafla, midomo imekuwa ya buluu, na vidole baridi. "Nimepata nafuu," alisema. Benigna alikuwa amewaosha maiti wengi. Alijua nafuu ya namna ile.

Akatoka bila kufunga koti. Ufukweni hakuna mtu. Wageni wote walikuwa kanisani, wamekaa kwenye mabenchi, na kiongozi wa msafara, mwanamke mwenye sauti nzuri, amesimama pale anaposimama mchungaji. Alikuwa akiwasomea habari za mahali pale kutoka kwenye karatasi. Benigna akasimama nyuma karibu na jiko. Daktari alikuwa benchi la pili.

"Tangazo la kufungwa kwa misheni lilisomwa humu humu kanisani," kiongozi alikuwa akisema, "na inasemekana hakuna mkazi hata mmoja aliyepinga."

Benigna alikuwa na miaka sita siku ile. Alikaa upande wa wanawake, kichwa kwenye paja la mama yake, na ng'ambo alimwona baba yake upande wa wanaume. Mchungaji akasema duka litafungwa, misheni itafungwa, watu wote watapelekwa kusini. Na ndani ya kanisa mtu hajibu. Hilo kila mtu alilijua: neno likisomwa madhabahuni unainamisha kichwa. Baba yake aliminya kofia yake mpaka ikakatika ukingo, lakini hakufungua kinywa. Wakangoja waitwe kikao mahali pengine ambapo mtu anaweza kusema. Hawakuitwa. Kabla barafu haijafunga bahari walikuwa wameshagawanywa vijiji vya watu kama watoto wa mbwa. Baba yake aliishi miaka tisa baadaye, na Benigna hakuwahi kumsikia akilitaja jambo lile.

"Wewe!" akapiga kelele. "Wewe daktari!"

Sauti ilipiga dari ikarudi. Kiongozi akashusha karatasi. Watu wakageuka, na mmoja akainua simu kumpiga picha, akidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Mume wangu anakufa. Nakuomba. Unanisikia? Benigna anaomba. Yuko nyumba ile ya kijani, tumbo limepasuka. Inuka! Nakuomba, inuka!"

Mwenye simu akaanza kupiga makofi. Hapo Sabina akaingia kutoka mlangoni, akaipiga ile simu ikaanguka chini ya benchi.

"Mnamshangilia nini? Kwani hii ngoma?"

Daktari alikuwa ameshafika mlangoni.

Hakukaa sana na Renatus. Alimgusa, akasikiliza, na madoadoa yake yakazidi kuonekana kwa jinsi uso ulivyomwishia damu. Akasema kwenye redio mambo ya haraka haraka. Utumbo ulikuwa umejifunga, na sasa umepasuka. Melini hakuna chumba cha kupasulia. Helikopta haiwezi kuruka kwenye ukungu ule. Nahodha akajibu kwamba ataacha safari ya kaskazini, atawapeleka kusini kwa kasi yote aliyonayo, mwendo wa saa kumi na nne.

Wakambeba kwa machela juu ya mawe, wakamfunga koti la kujiokolea la rangi ya machungwa. Renatus akafumbua jicho moja.

"Sabina," akasema, "nimekuwa mtalii."

"Na nauli hujalipa, mwizi wewe," Sabina akamjibu, akiwa amemshika mguu na hataki kuuachia. Nahodha aliruhusu msindikizaji mmoja tu. Benigna akamtazama wifi yake, akatazama mlima nyuma yake.

"Utabaki peke yako?"

"Nina bunduki na nina ulimi. Dubu achague. Panda, usinitie wazimu."

Chumba cha wagonjwa kilikuwa cheupe, na dirisha lake moja la mviringo lilikuwa jeupe pia. Daktari alitundika maji, akaingiza mpira puani, akatoa alichoweza kutoa. Ilipofika wakati hakuna tena cha kufanya ila kusubiri, akageuka.

"Mama, mbona hukuniambia jana? Jana mchana ukungu ulifunguka. Helikopta ingefika na kurudi. Saa mbili nzima!"

"Nilikwambia."

"Lini?"

"Mezani. Nilikuwekea sufuria yake mbele yako. Makaburini, nikakuonyesha kaka yake. Na ufukweni, nikakupa glovu."

Daktari akatazama sakafu, na Benigna akajua anapitia upya mahali pale pote patatu. Kisha akafungua kabati, akazitoa zile glovu, akaziweka kitandani.

"Kwetu," Benigna akasema, "mwanamke akikupa glovu za mumewe aliye hai, huulizi bei."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Nilijua jana hiyo hiyo. Ulipozivaa ukacheka, nilijua huyu hajui. Ningeweza kukushika ukosi pale pale nikasema. Niliona haya." Akafuta pua kwa kiganja. "Haya! Mwanamke wa miaka sabini na moja, naona haya mbele ya mtoto mwenye koti la machungwa."

Daktari akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akalia bila kujificha. Benigna hakumbembeleza. Hakuwa na mkono wa ziada, yote miwili ilikuwa imeshika mkono wa Renatus.

Saa ya tano ya safari Renatus aliuliza, "Tumefika wapi?"

"Tumeipita rasi," akamdanganya.

"Muongo. Ukipita rasi, wimbi linakuja kwa nyuma. Hili bado la ubavuni." Akapumzika kidogo. "Ulimwomba?"

"Nilimwomba."

"Mbele ya watu?"

"Kanisani. Kwa kelele."

Renatus akamtazama kama anayetaka kumgombeza na amepoteza neno la kuanzia. Wimbi lilikuwa bado la ubavuni pumzi yake ilipokoma, na daktari, aliyekuwa ameinuka, akarudi kukaa pale pale alipokuwa.

Juu kukasikika vishindo vya miguu. Kipaza sauti kikawatangazia wageni kuwa kuna nyangumi upande wa kulia, na watu wakakimbia, wakacheka, wakaitana majina.

"Nikuletee nini, mama?" daktari akauliza kwa sauti ya chini. "Chai?"

"Sitaki chai. Nataka hao wa juu wanyamaze. Nataka nahodha ageuze meli. Azikwe alipozaliwa, si huko walikotupeleka. Na dada yake yuko kule, anamngoja."

"Sijui kama nahodha anaweza. Kuna ratiba, kuna..."

"Sikukuuliza unajua nini. Nenda ukamwambie."

Daktari akaenda. Benigna akasikiliza injini, akingoja ibadili mlio. Alingoja kiasi cha birika kuchemka. Injini iliendelea kuunguruma vilevile, kuelekea kusini. Akamfunika Renatus mpaka kidevuni, akaacha uso wazi, akafungua mlango, akaanza kupanda ngazi za chuma akiwa na soksi tupu, akijishika huku na huku kila meli ilipoyumba.

Juu ya ngazi alikutana na mpishi aliyebeba sinia la keki.

"Nahodha yuko wapi?"

"Mama, kule abiria hawaruhusiwi."

"Sikukuomba ruhusa. Nimekuuliza njia."

Mpishi akaonyesha juu kwa kidevu, akajibana ukutani na sinia lake ili Benigna apite.