Leo nimemfokea baba mkwe

Jamani, leo nimemfokea baba mkwe!

Wanyakyusa mnanielewa. Mimi mke wa mwanawe, hata kumtazama usoni au kusema naye ni mwiko.

Alikuwa uani anayeyusha risasi ya betri kuukuu za gari, atengeneze vizito vya kuzamishia nyavu. Bata wangu walishakunywa maji ya hizo betri wakafa. Nikanyamaza, si ndiyo adabu?

Leo namwona mwanangu Gwakisa anang'ata kipande cha risasi, kama babu yake anavyobana vizito kwenye kamba kwa meno.

Nikapayuka, "Baba, hiyo ni sumu!"

Akainamisha kichwa. Tulikuwa watatu tu pale, lakini akasema, "Mwambieni mama Gwakisa, mimi nimeng'ata hivi tangu ujana."

Na ile mikono yake inayotetemeka, sote tulisema ni uzee.

Gwakisa nimemsukutua kinywa, bado situlii. Wanapima wapi hii sumu? Nawapeleka wote wawili, hata kama njia nzima hatutasemeshana.