Matundu ya Ngome

Jumamosi iliyopita tulimzika mama. Leo pale sokoni Warwick, harufu ya gundi ya fundi viatu imenirudisha kwenye meza yetu, siku tuliyojenga ngome ya kale kwa boksi la ndizi, kazi ya shule. Nilichora matundu membamba kwenye ukuta wake. Mama akayakata mapana kama madirisha.

"Mama, umeharibu! Hapo askari wanarushia mishale. Yakiwa mapana, mishale ya adui itaingia."

"Na batoto beko ndani, batapumulia wapi?"

"Hakuna watoto, mama. Ni vita."

Mama alikuwa amekimbia vita kwao akiwa na mimba yangu. Nililia kwa kuogopa kuchekwa darasani. Akakata vipande vya boksi, akavipaka gundi, tukayaziba matundu. Kila kipande alikibonyeza kwa kidole gumba mpaka kikashika.