Lugha Iliyobaki Korongoni

Sikutungii hadithi. Ningekuwa natunga, ningeimalizia mahali panaponifaa, na utaona mwenyewe kwamba hapakunifaa. Kovu ninalo, limepinda juu ya sikio la kushoto. Anayebisha nitamvulia kofia aone.

Mimi ni dalali wa mahindi Kibaigwa, tangu miaka ile serikali ilipoiachia biashara ya nafaka na kila mwenye lori akawa tajiri. Dalali anaishi kwa mdomo, hilo unalijua. Lakini mimi nilikuwa na ujanja wa ziada: ni Mgogo wa huko huko vijijini, ila sokoni nilijifanya Kigogo sikijui. Mkulima anafika na magunia yake, anateta na mkewe kwa Kigogo mbele ya pua yangu kwamba bei ikifika hapa tuuze, nami naangalia juu kama mtu anayesubiri mvua. Wenzangu wakanibatiza Mzaramo. Miaka ikapita, mpaka "Kigogo sikijui" ikawa inanitoka hata kabla sijaulizwa vizuri. Nilikisema kwa mama tu. Mama alikuwa amepofuka kwa trakoma, na Kiswahili chake kiliishia kwenye asante na nyimbo za kanisani.

Ugonjwa wangu ulianzia kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilicheza chenyewe, kikatulia. Siku nyingine kikacheza, mtetemo ukapanda mkono, ukafika shavuni, halafu maneno yakagoma kutoka huku akili zangu ninazo. Mke wangu alivumilia, mwishowe akarudi kwao Singida. Simlaumu sana, ingawa nyumba ilikuwa kubwa mno baada ya pale.

Nilipofikishwa Dar es Salaam, kwenye mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, daktari mmoja mgeni alinieleza kupitia nesi. "Una uvimbe upande wa kushoto," nesi akatafsiri. "Umepakana na sehemu inayotoa maneno. Ukiachwa, utakuua. Ukitolewa kwa pupa, utaamka bubu." Nikauliza, sasa huo mpaka wataujuaje? Akasema nitapasuliwa nikiwa macho, naongea, na daktari atanigusagusa ubongo mpaka ajue wapi pa kukata na wapi pa kuacha. Ubongo wenyewe hauumi, eti. Nikaomba ruhusa kwanza nikamuage mama.

Sasa nisikilize vizuri. Kutoka barabarani kwenda kijijini kwetu unavuka korongo la mchanga, na nililivuka saa saba mchana, kiangazi, wakati hata mbuzi wamelala. Katikati ya korongo alikuwa ameketi mtu. Juani! Na kivuli cha mgunga kilikuwa pale pale karibu. Upande wa kushoto wa kichwa chake ulikuwa umenyolewa, una kidonda kibichi kilichoshonwa kwa kupinda. Nikadhani ni mtu aliyepigwa na wezi.

"Mbukwenyi," akanisalimia.

Kisha akaendelea kwa Kigogo, tena Kigogo cha kwetu kabisa, kile cha kuvuta maneno alichokuwa nacho bibi yangu. Akaniuliza kama nakwenda kwa mama. Akaniuliza hali ya macho yake. Na mtu yule sikumjua hata kidogo. Na mdomo wangu, niamini, ukajibu wenyewe kama ulivyozoea sokoni.

"Samahani ndugu yangu, Kigogo sikijui."

Akasimama, akanisogelea, akaniwekea kidole hapa juu ya sikio. Jua lote lile, kidole kilikuwa cha baridi. "Hukijui?" akauliza kwa Kigogo. Nikasema sikijui. Akauliza tena. Ningekuwa na akili ningeona kwamba najibu vizuri maswali ya lugha nisiyoijua, lakini mwenye hofu ana akili gani? Nikasema mara ya tatu, kama Petro: "Sikijui, jamani, niache!"

Hapo akanijibu kwa Kiswahili, na sauti iliyomtoka ilikuwa yangu, hii hii iliyokwaruzwa na kupiga kelele sokoni.

"Haya. Usichokijua hutakililia."

Nilikimbia. Nilipofika ukingoni nikageuka, na korongo lilikuwa tupu.

Sikumwambia mama. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, tukazungumza mpaka usingizi ukamchukua, na karibu maneno yote yalikuwa juu ya bei ya mahindi na nani kaoa wapi. Ningejua ningemwambia mengine.

Siku ya kupasuliwa, daktari alimuuliza nesi mgonjwa anasema lugha gani. "Kiswahili," nesi akamjibu. Nami nililala pale nikanyamaza. Wewe ungesema nini? Nani anaulizwa habari za kabila lake hospitalini? Nesi akawa ananishikia picha mbele ya macho, nami nataja. Mbuzi. Jembe. Kikombe. Nyuma ya pazia daktari anagusa. Akigusa mahali fulani naiona picha, najua kabisa ni jembe, na neno halitoki. Hapo anaweka kikaratasi chenye namba, maana yake pasikatwe. Mahali pengine neno linatoka bila shida, anasogea mbele.

Akagusa sehemu moja, nami nikamwona yule mtu wa korongoni. Alikuwa amesimama nyuma ya bega la nesi, midomo yake inacheza bila sauti. Nikataka kupiga kelele. Nesi akainua picha nyingine, na mdomo wangu ukasema, safi kabisa, "Ndoo."

"Hapa salama," daktari akasema, nesi akanitafsiria huku akitabasamu. Wakakata.

Nilipona. Kidole kilitulia, Kiswahili changu hakikupungua hata neno, na daktari alinipa mkono kwa furaha. Nilipojitazama kwenye kioo nililiona kovu lile lile, limepinda vile vile, nikakaa chini.

Halafu nikaenda nyumbani. Mama alitoka akipapasa ukuta, akaanza kusema, na nilisikia sauti yake yote bila kuelewa neno hata moja. Unaijua redio ikishika stesheni ya mbali? Nikamwangalia dada yangu Loisi, aliyekuwa akiishi na mama.

"Mama anauliza huyu mgeni ni nani," Loisi akasema, akicheka kwanza. Aliponiona uso wangu akaacha kucheka.

Tulimweleza. Mama akanishika mashavu, akalipapasa kovu, akasema jambo refu. Loisi hakutaka kulitafsiri. Nikamlazimisha.

"Kaka, anasema wewe si mwanawe. Mwanawe alikuja jana. Anasema huja kila siku mchana tangu ulipopasuliwa, wanakaa hapo mlangoni wanapiga soga."

"Na wewe umemwona?"

"Mchana mimi nakuwa shamba."

Kesho yake nikabaki ndani ya nyumba yetu ya tembe, gizani, mama akiwa amekaa mlangoni. Jua liliposimama utosini niliisikia sauti yangu nje. Ilisema Kigogo haraka haraka, kwa raha, na mama akacheka. Ndugu yangu, kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu baba alipofariki. Nikashika mpini wa jembe niende nikamfukuze. Nikafika hatua mbili kutoka mlangoni nikasimama. Nikimfukuza, mimi nitampa nini? Asante na nyimbo za kanisani? Nikarudi kukaa gizani nikiwasikiliza, na nililia, kinyume na alivyoniambia korongoni.

Utaniuliza kwa nini sikujifunza upya. Nilijifunza! Loisi alinifundisha maneno asubuhi kama mtoto, nikayashika. Ikifika mchana hayapo. Siku hizi wakulima wa Kibaigwa wanateta mbele yangu na ni kweli sielewi, na wenzangu wanadhani bado naigiza. Mbukwenyi ninayoijua ni ile anayoijua kila mgeni anayeshuka basi Dodoma.

Mama alifariki mwaka uliofuata, mchana, Loisi akiwa amekimbilia kuita mchungaji. Nilikuwa nimemshika mkono. Akaanza kusema, taratibu, maneno mengi, akiuminya mkono wangu kila baada ya maneno machache kama anayetaka jibu. Nikasema "Mama, mama," ndilo neno pekee tulilobaki nalo mimi na yeye. Alikunja uso. Ndipo sauti yangu ikamjibu kutoka mlangoni, kwa upole, na uso wake ukakunjuka. Walizungumza mpaka alipokata roho. Alichoniusia sikijui mpaka leo, na aliyekipokea sijamwona tena, ingawa kila kiangazi nakwenda kukaa katikati ya korongo lile saa saba mchana.

Kwa hiyo wewe, wakikuuliza unasema lugha gani, daktari au mtu wa njiani, zitaje zote, uanze na ya mama yako. Na kama mama yako yu hai, usingoje Krismasi. Nenda leo ukamsikilize ukiwa bado unamwelewa.