Radhi Niliyoizuia Duarani

Siku yangu ya kwanza kazini nilitoa pole ya msiba kwa watu wasiofiwa. Nilikuwa nimeajiriwa kufua shuka katika nyumba moja ya mazungumzo pale Diani, na asubuhi ile nikaambiwa nipeleke maji chumba kikubwa. Nikawakuta watu kumi na wawili wamekaa duara, vichwa chini, hakuna hata anayekohoa. Nikaweka bilauri, nikakunja mikono, nikawaambia kwa Kiingereza changu cha hotelini kwamba Mungu amlaze marehemu mahali pema. Bibi mmoja mwenye mvi akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. Huyo ndiye aliyekuwa Mkurugenzi, na badala ya kunifukuza akaniambia nivute kiti nikae.

Nikakaa, lakini miguu haikutulia. Mimi, Mwanasiti, tangu utotoni kwetu Vanga nilijulikana kwa kutoweza kukaa kitako, na mama alikuwa akisema nimezaliwa nina haraka ya kwenda mahali nisipopajua. Ajabu ni kwamba nimekula mkate wangu miaka ishirini na mitatu kwa kukaa kwenye kiti na kunyamaza.

Nyinyi mnaoshika duara leo mmeikuta kazi ina semina na vyeti, kwa hiyo nitawaeleza ilivyokuwa. Nyumba ile ilifuata mafundisho ya mwanafalsafa mmoja wa roho aliyekwisha kufa zamani. Sisi tulimwita Mwalimu tu. Yeye alifundisha kwamba mtu asimfuate mtu, ila ajihoji mwenyewe, na kwamba njia mojawapo ya kujihoji ni kuzungumza na wenzako bila kushindana wala kufundishana. Wageni walikuja wiki moja, wiki mbili, wakakaa duara asubuhi na alasiri. Mmoja akisema jambo lake, hapakuwa na jibu. Ilifuata nafasi tuliyoiita kimya cha kati, na sisi wa pwani tuliipima kwa kusoma Alhamdu moja moyoni. Baada yake, mshika duara, yaani msimamizi, alirudisha swali kwa wote: ni nini ndani yangu kilichotikisika niliposikia haya? Pole haikuruhusiwa, wala nasaha, wala kumpigapiga mtu bega.

Kutoka kufua nilipandishwa nikawa mkalimani, kwa sababu wenyeji walianza kuja na Kiswahili chao. Hapo nilipata taabu. Mgeni akisema hampendi babake, mimi nilitafsiri kwamba yeye na mzee wake hawajaelewana vizuri. Mkurugenzi, aliyeishi pwani miaka mingi na Kiswahili akikijua sawasawa, aliniita barazani.

"Mwanasiti, nimekuajiri uyapitishe maneno, si uyapambe. Ukimfunika mtu aibu yake hapa, atarudi nayo kwao."

Nilinuna siku mbili. Lakini nilijifunza, na nikaipenda kazi kuliko nilivyotarajia. Alipoona nimeiva, akanipa duara langu mwenyewe.

Kituo changu cha kwanza nje ya Diani kilikuwa Shimoni, kwa wanawake wanaolima mwani na wachache wanaofanya kazi za watalii. Wale wanawake walinitoa jasho. Siku ya pili mmoja akasema mtoto wake ni mgonjwa na hajui kama atapona. Mimi nikainua mkono kuashiria kimya, na wao wote kwa pamoja wakasema, pole mwenzetu, Mungu atamponya. Nikawaeleza kanuni. Wakanitazama, kisha mkubwa wao akaniuliza, mtu amesema mwanawe yu mahututi nasi tunyamaze kama mawe, hiyo ni elimu ya wapi? Nikamjibu kwamba pole mara nyingi ni njia ya kumfunga mwenzako mdomo ili tusisikie zaidi. Hilo ni kweli, na mpaka leo naliamini. Baada ya miezi walizoea, na yakatoka mambo pale ambayo sidhani yangetoka kwengine. Nikarudi Diani kifua mbele. Wageni wakinisifu utulivu wangu, na miguu inacheza chini ya leso.

Sasa niwaambie jambo ambalo kwenye ripoti zangu hamtalikuta.

Nina ndugu mmoja tu, Bakari, mdogo wangu, fundi wa mashine za boti kule Vanga. Mama yetu alipougua alilazwa hospitali ya Msambweni, mji ninaokaa, nami nikawa natoka kazini Diani kila siku kwenda kumtazama. Wauguzi walisema akae, dawa ziendelee. Siku moja ya mvua kubwa nikafika nikakuta kitanda kitupu. Bakari alikuwa amemtoa asubuhi, ametia saini, amempeleka kwetu Vanga. Barabara ya Lunga Lunga kwenda Vanga mwaijua inavyokuwa mvua ikinyesha. Baada ya gari lao halikupita jingine siku mbili. Mama akafariki nyumbani siku ya pili yake. Nilipofika, watu walikuwa wametoka makaburini, viatu vyao vina udongo.

Sikumwambia Bakari neno. Tulisalimiana matangani, tukasalimiana Idi, na akinipigia simu sikupokea. Miaka sita ikapita hivyo. Moyoni nilikuwa na hakika kwamba alichoka kuuguza, akaona amchukue mama akafie mbali na maswali yangu.

Wakati huo Mkurugenzi alikuwa amekwisha kurudi kwao, na juu yangu alikuja Mratibu, kijana wa bara, mchapakazi, mwenye makaratasi mengi. Siku ya kwanza aliniita mathe, nikamwambia mimi sikumzaa, akaacha. Yeye ndiye aliyeanzisha duara la wazi Msambweni kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, kwa mtu yeyote atakaye kuingia. Akanikabidhi mimi.

Jumamosi moja ukumbi umejaa, kama watu ishirini hivi, mlango ukafunguliwa akaingia Bakari. Kanzu safi, kofia, viatu amevivua mlangoni. Akakaa kiti cha karibu na dirisha, akangoja zamu kama watu wengine. Zamu ilipomfikia, hakuzungumza na duara. Alinielekea mimi.

"Dada, inshallah mwezi ujao nakwenda Hija. Nimezunguka kwa jamaa wote, umebaki wewe. Simu hupokei, nyumbani sikukuti. Niwie radhi."

Ninyi wa pwani mwalijua hili, wa bara niwaeleze. Mwenye kwenda Hija hutaka radhi kwa kila aliyemkosea, na mtu akikuomba radhi ya Hija unamjibu papo hapo. Hata kama umeuma meno, hata kama moyo haujapoa, ulimi unasema nimekuwia radhi. Sijawahi kumwona mtu aliyenyamaza.

Mimi nikanyamaza. Nilikuwa mshika duara, na kanuni ilikuwa hakuna jibu. Alhamdu moja ikapita. Sikurudisha swali. Ikapita ya pili, na ya tatu. Watu wakaanza kujisogeza vitini, na mama mmoja mtu mzima aliyekaa upande wangu akaninong'oneza, mjibu nduguyo. Bakari alikuwa ameniinamishia kichwa, anangoja.

"Tumelisikia," nikasema. "Tukae nalo. Nani mwengine?"

Bakari akainuka polepole, akaaga kwa salamu, akavaa viatu vyake mlangoni akaenda zake. Aliyefuata kusema hakupatikana, nikafunga duara mapema. Mratibu, aliyekuwa nyuma anaandika, alinifuata akanipa mkono. Akasema hajawahi kuona nidhamu kama ile, kwamba hata kwa damu yangu sikuvunja kanuni. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Baada ya mwezi wifi yangu, mke wa Bakari, alinipigia kwa simu ya jirani, nikapokea kwa kutoijua namba. Akaniambia Bakari hakusafiri. Sheikh alimweleza kwamba ameshaomba, ameshatimiza wajibu wake, aende; akakataa. Akasema hawezi kusimama Arafa na dada yake hajamfungulia moyo. Nafasi yake katika kundi akapewa mtu mwengine.

Mngedhani niliondoka mbio kwenda Vanga. Wapi! Nilijiambia kwamba naitazama hasira yangu, kama Mwalimu alivyofundisha, na kwamba kuiharakisha ni kuikimbia. Niliitazama hivyo miaka mitatu. Katikati ya miaka hiyo Bakari akapatwa na ugonjwa wa moyo, daktari akamkataza safari ndefu na mikusanyiko ya watu. Nilisikia, nikaendelea kushika duara.

Nikastaafu mwaka jana. Nyumba ilinifanyia karamu nzuri, Mratibu akatoa hotuba, wageni wakalia. Nikarudi kwangu Msambweni, na hapo ndipo kazi iliponigeukia. Asubuhi nafagia ua, nikimaliza nafagia tena. Natoka kwenda sokoni, nafika njiani nasahau nilichofuata. Sikupata pa kuweka miguu yangu. Nilikuwa nimewarudishia watu mamia kwa mamia swali la kujihoji, na lilipobaki peke yake na mimi lilinisuta bila huruma. Jibu halikuwa gumu, nalo ni hili. Kanuni ile siku ile ilinifaa. Lau aliyeomba radhi angekuwa mtu mwengine, ningeivunja. Nilijificha nyuma yake nimpige ndugu yangu mbele za watu, na wote waone ni uchaji.

Nikavaa buibui nikapanda gari mpaka Lunga Lunga, na kutoka hapo pikipiki, vumbi mpaka puani. Nilimkuta Bakari kibandani kwake, amefungua mashine ya boti, vyuma vimetandazwa juu ya gunia. Alikuwa amekonda. Akaniamkia shikamoo kama kwamba nimekuja jana, nikaitikia, akaninyoshea kigoda. Sikukaa.

Nikamwambia nimekuja kumwia radhi, na kwamba nimechelewa. Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ahsante, dada. Lakini miaka yote hii hukuniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Kwa nini nilimtoa mama."

Mimi, ambaye mshahara wangu ulikuwa kuuliza, nilikuwa sijamwuliza. Nilijipa jibu siku ile ile ya kitanda kitupu, nikaliamini miaka yote. Nikaketi kwenye kigoda, nikamwuliza.

Akaniambia mama mwenyewe ndiye aliyetaka. Alimwita Bakari alfajiri akamwambia, nitoe leo, Mwanasiti yuko kazini. Akinikuta, akasema mama, atanihoji mpaka nikubali kubaki, nami nataka kufia kwangu. Bakari akamsihi wanisubiri, mama akakataa. Ndani ya gari, barabara imefurika, alishika mkono wa Bakari akamwapisha. Akasema, dadako akikuuliza, mwambie yote. Asipokuuliza, mwache, usimtie uchungu wa kujua kwamba nilimkimbia yeye.

"Kwa hiyo nilikuwa nangoja uulize," akasema. "Hata siku ile Msambweni. Nilidhani mahali pa kuuliza maswali, hutakosa kuniuliza moja."

Nililia mpaka wifi yangu akatoka jikoni. Sikulia kwa aibu. Nililia kwa mama, ambaye nilikuwa sijamlilia, na kwa mtu huyu aliyebeba hasira yangu miaka tisa kwa sababu ya kiapo. Nikaanza kusema, Bakari, niwie...

"Nimekuwia radhi, dada. Dunia na akhera."

Hakuningoja nifike mwisho wa neno.

Tukanywa chai. Wifi yangu akaleta mikate ya sinia. Bakari akarudi kwenye vyuma vyake, akawa ananiuliza habari za Diani, nani bado yupo, nani kahama. Mimi mdomoni nina jambo moja tu na halitoki. Mwisho nikamwambia kwamba Hija nimemnyima mimi, na hiyo siwezi kumrudishia.

Akakaza parafujo kwanza. Kisha akasema bila kuinua kichwa kwamba mtu aliyezuiwa na maradhi anaweza kuhijiwa na jamaa yake, ila huyo jamaa sharti awe amekwisha kuhiji kwa nafsi yake.

"Wewe kukaa huwezi," akasema. "Basi nenda. Kwanza yako, halafu yangu."

Nina umri wa miaka sitini na tatu, na goti la kulia halipendi ngazi. Jumatatu iliyofuata nilikwenda Ukunda kwa wanaosafirisha mahujaji. Mama aliyekuwa mezani akanipa fomu, akaniuliza kama ninakwenda kwa ajili yangu au kwa ajili ya mtu. Nikamwambia hii ya kwanza ni yangu. Ya pili ndiyo ninayoiwahi.