Buji Shingoni

Shule niliacha darasa la tatu. Garaji yangu ya Kamenge nimeijenga kwa mikono hii, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nasema hivyo ili ujue aliyetunga sheria nyumbani kwangu alikuwa mtu wa namna gani.

Sheria ilikuwa moja: ndani, Kifaransa tu. Mjini hapa ukisema Kiswahili mbele ya wakubwa walikuona mjanja wa mitaani, na mimi nilikuwa nimeonekana hivyo vya kutosha. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, asingeonekana. Nilichukua buji iliyokufa, kile kidude cha kutoa cheche ndani ya injini, nikaitia kamba. Neno la Kiswahili likimtoka, buji shingoni mpaka alale. Hata wageni wakiwepo.

Sasa, Kifaransa mimi sikijui. Mke wangu ndiye aliyesoma kunizidi, akazungumza na binti. Mezani nilikula kimya, miaka na miaka. Wakicheka, nacheka.

Siku moja mke wangu akaniuliza, "Muzee, na we ukisema, nani atakuvalisha hiyo buji?"

Nikamwambia apakue chakula.

Binti akafaulu. Kazi ya ofisi, mume, nyumba Kinindo, mtaa wa wakubwa, geti linalojifungua lenyewe. Nilijisifu mpaka wateja wakachoka. Kisha mke wangu akafariki, na ndipo nilipojua kwamba habari zote za binti yangu nilikuwa nikizipata kwa mdomo wa mama yake.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mjukuu wangu wa kike. Ana miaka mitano. Nilisugua mikono kwa sabuni mara tatu, harufu ya mafuta isimkimbize. Akanipa mkono vizuri.

"Bonjou, musie." Habari, bwana, kama mteja anavyomsalimia fundi.

"Mi si musie, mi babu yako. Kuja hapa, mama."

Akamgeukia mama yake, akasema kitu.

"Anasema nini?"

"Acha tu, Baba."

"Nimekuuliza."

"Anauliza kama unaumwa mudomo. Sauti anaisikia, lakini maneno apana."

"Si umufundishe! Maneno mawili, matatu, anisalimie tu."

Binti alicheka, kicheko kibaya. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka shingoni. "Mi, Baba? Hata sasa nikikujibu, shingo inaniwasha."

Nilikuwa na jibu. Bila ile buji, geti hilo asingelipata. Naliandika hapa kwa sababu ni kweli na silirudishi. Lakini mtoto alikuwa amesimama mbele yangu, ananitazama mdomo, anangoja. Jibu langu lilikuwa la Kiswahili.

Tukaitwa mezani. Nikakaa, nikala kimya. Wakicheka, nacheka.